Tapeti zilizobana mara mbili: kisa cha skrambla ya 250 huko Malindi

Majina ya wahusika, mwaka wa pikipiki na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu vimeondolewa. Vipimo vimeachwa kama fundi alivyoviandika kwenye daftari lake, kwa sababu ndivyo vilivyobeba kisa chote.

Pikipiki, njia na msimu

Ni skrambla (pikipiki ya njia za mchanga na vumbi) ya mashindano, sisi (cc) 250, stroki nne, vali nne, kabureta, haina stata bali kiki tu. Ilinunuliwa Nairobi ikiwa imetumika. Haikuwa na mita ya saa, na muuzaji alisema injini "haijaguswa", neno ambalo kwa pikipiki ya aina hii si sifa hata kidogo. Kitabu chake kinataka nafasi ya tapeti (upenyo mdogo unaoachwa juu ya vali ikiwa imefungwa) ya milimita 0.12 kwa vali za kuingiza hewa na 0.28 kwa za kutoa moshi, ikizidi au kupungua kwa 0.03.

Mwenyewe anaendesha na wenzake watano, Jumamosi nyingi. Pikipiki hizi hazina taa wala vioo, kwa hiyo hubebwa kwa pikapu kuvuka daraja la Sabaki. Asubuhi hucheza kwenye matuta ya mchanga nyuma ya Mambrui (ufukweni hawashuki, kule kasa hutaga), kisha hupitia Gongoni na kukata kuelekea Marafa, kwenye korongo la Nyari.

Mchanga wa matuta na vumbi la njia ya Marafa ni maadui wawili tofauti. Wa matuta ni chembe kubwa. Unachosha injini kwa sababu throto haifungwi, lakini sponji ya filta huuzuia kwa urahisi. Vumbi la Marafa ni laini kama unga wa sembe, na Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua ya mwisho imeshasahaulika, huning'inia hewani dakika nzima baada ya pikipiki kupita. Hilo ndilo linalopenya sponji kavu.

Dalili za kwanza

Katikati ya Januari pikipiki ilianza kukataa kiki asubuhi. Kiki tatu zikawa kumi, kumi zikawa ishirini. Ikisukumwa kwenye gia ya pili inawaka palepale, na ikishawaka inakwenda vizuri: haina moshi, haina kelele, nguvu iko.

Mwenyewe alibadilisha plagi. Haikusaidia. Akafungua kabureta, akasafisha jeti ndogo ya mwendo wa chini, akabadilisha petroli. Ikawa afadhali siku moja, kisha ikarudi palepale. Hatua hizo hazikuwa za kijinga, kwani jeti ya mwendo wa chini ikiziba hutoa dalili zinazofanana. Ila kulikuwa na alama moja aliyoipita: pikipiki inayokataa kiki na kukubali kusukumwa, mara nyingi inavuja mgandamizo. Kwa kiki injini huzunguka polepole, hewa inapata muda wa kutoroka kabla cheche haijaruka. Ikisukumwa huzunguka kwa kasi na muda huo haupo.

Shimu za kwanza

Fundi aliyepelekewa ni mtu mzima, anajua bodaboda kwa mikono miwili. Alikiri wazi kwamba hizi za shimu amezifungua chache. Kwenye bodaboda tapeti ni skrubu na nati: unalegeza, unaweka filageji (mabamba membamba ya kupimia nafasi), unakaza, umemaliza. Kwenye skrambla hii kemshafti, shafti inayofungua vali, hukandamiza kikombe, na chini ya kikombe kuna shimu, kisahani cha chuma kigumu chenye upana wa punje ya dengu. Ili kubadilisha nafasi sharti kemshafti itoke na shimu ibadilishwe kwa nyingine ya unene tofauti. Shimu hizo huja kwa hatua za milimita 0.025.

Alipima injini ikiwa baridi, pistoni juu kabisa kwenye mgandamizo. Daftari linasema:

Kuingiza kushoto 0.05. Kuingiza kulia 0.07. Kutoa zote mbili 0.27.

Shimu ya kushoto ilikuwa 1.975. Hesabu ni nafasi iliyopimwa, toa nafasi inayotakiwa, jumlisha unene wa shimu ya zamani: 0.05 − 0.12 + 1.975 = 1.905. Shimu ya karibu ni 1.900, inayoacha nafasi ya 0.125. Kulia ilikuwa 1.950, ikawekwa 1.900, nafasi 0.12. Shimu zililetwa kutoka Mombasa kwa basi la mchana, kazi ikaisha jioni ileile. Kiki ya pili ikawaka.

Watu wote wakafurahi. Hakuna aliyeuliza kwa nini zilibana. Filta nayo haikutolewa siku hiyo.

Wiki mbili baadaye

Safari mbili za Marafa, jumla kama saa sita za injini, tatizo likarudi. Safari hii hata kusukuma kulikuwa kwa taabu. Mwenzao mmoja alikuwa na geji ya mgandamizo. Akaifunga kwenye tundu la plagi, akapiga kiki, sindano ikasimama chini sana. Uamuzi ukatolewa papo hapo kivulini: pistoni na ringi zimekwisha, ziagizwe.

Fundi akasita. Alifungua kifuniko akapima tena. Kutoa 0.27, vilevile. Kuingiza kulia 0.08. Kuingiza kushoto, bamba lake jembamba kuliko yote, la 0.04, halikuingia.

"Bwana, hii nimeiacha na sufuri nukta moja mbili," alimwambia mwenyewe. "Imekwenda wapi?"

Mwenyewe alitaka shimu nyembamba zaidi, kwa sababu Jumamosi kulikuwa na safari. Fundi alikataa. Alimpigia mwenzake wa Mombasa, mtu aliyefanya kazi kwenye pikipiki za mashindano kwa miaka, akamsomea namba zote. Huyo aliuliza maswali mawili tu: filta inapakwa oili gani, na geji ya mgandamizo ilitumikaje.

Jibu la swali la pili lilikuwa somo kwa wote. Kemshafti ya injini hii ina kifaa kidogo kinachoinua vali ya kutoa moshi wakati wa kiki, ili mguu usivunjike. Kwa hiyo geji ya kawaida kwenye injini nzima kabisa nayo itasoma chini. Geji ile haikuwa imesema kitu chochote kuhusu pistoni.

Kusikiliza upepo

Badala ya geji walitumia kompresa ya mtu wa pancha. Walichukua plagi iliyokufa, wakatoa kaure yake, wakachomelea nipeli ya hewa kwenye ganda la chuma. Pistoni iliwekwa juu kabisa kwenye mgandamizo, mtu mmoja akashika kranki kwa spana ndefu (hewa husukuma pistoni chini, na spana isiyoshikwa vizuri huvunja kidole), wakaingiza hewa ya psi 40 tu. Kisha wakanyamaza na kusikiliza sehemu tatu.

Kwenye bomba la moshi: kimya. Kwenye mpira wa kupumulia wa kreenkesi (sehemu ya chini ya injini yenye kranki): mnong'ono hafifu. Kwenye mdomo wa kabureta: mvumo wa wazi, kama mtu anapuliza juu ya chupa. Vali za kuingiza hazifungi.

Kilichoonekana ndani

Kabla hedi (kichwa cha injini chenye vali) haijatoka, fundi alivua siti ya kukalia na kutoa filta. Akainyanyua kwenye jua. Nusu ya chini ilikuwa nyeusi, inachuruzika, imelowa kama kitambaa cha kupangusia meza ya chai. Nusu ya juu ilikuwa na rangi ya biskuti, kavu, ukiipiga kidole inatoa vumbi jekundu. Kwenye mshono wa gundi, upande wa nyuma, kulikuwa na ufa wa urefu wa kucha ya dole gumba.

Mwenyewe alikuwa akiiosha kwa petroli, kisha akiipaka oili ya injini. Petroli hula gundi ya mshono. Oili ya injini haina kunata, ikikaa usiku mmoja yote huteremka chini na kuacha juu sponji tupu. Aliifanya kazi hiyo kila wiki kwa uaminifu, na hapo ndipo penye uchungu: filta ilionekana chafu kila wiki, kwa hiyo ilionekana inafanya kazi.

Fundi aliingiza kidole kwenye mpira wa kabureta, ule unaotoka kwenye sanduku la filta, akakizungusha. Kilitoka na mstari wa udongo mwekundu. Ukiona hivyo, mengine yote ni kuthibitisha tu.

Hedi ilithibitisha. Vali za kuingiza za injini hii ni titani, nyepesi, zenye ngozi nyembamba ngumu usoni. Vumbi huikwangua ngozi hiyo kila vali inapofunga, na ikishatoka, titani iliyo chini yake ni laini na huliwa kwa kasi. Vali ya kushoto ilikuwa na mfereji uliozunguka uso wake wote. Ukipitisha ukucha unakwama. Ya kulia ilikuwa njiani. Pistoni ilikuwa na mikwaruzo ya wima upande wa kuingiza, ringi zimelika kupita kiasi. Vali za kutoa, ambazo ni za chuma, zilikuwa salama.

Maamuzi matatu

La kwanza lilikuwa silinda. Duka moja la spea lilisema ipelekwe ikachongwe oversaizi, yaani itanuliwe kwa pistoni kubwa zaidi, kama bodaboda. Fundi alikataa, kwa haki. Silinda hii haina sleevu ya chuma. Ukuta wake ni aluminiamu iliyopakwa nikeli yenye chembe za silikoni kabaidi, tabaka jembamba sana. Ukiichonga umeitupa. Michoro ya msalaba ya kiwandani bado ilionekana pande zote na kipimo kilikuwa ndani ya kikomo, kwa hiyo ilioshwa kwa maji moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe, ikapakwa oili, ikarudi na pistoni na ringi mpya za saizi ileile.

La pili lilikuwa vali, na hapa kikundi kiligawanyika. Titani mpya zingerudisha injini kama ilivyotoka kiwandani. Vali za chuma cha pua huvumilia vumbi zaidi na hutoa onyo la mapema, lakini ni nzito, kwa hiyo lazima zije na springi zake ngumu zaidi. Ukiweka vali nzito na springi za vali za titani, kwenye mzunguko wa juu vali huchelewa kufunga na inaweza kukutana na pistoni. Mwenyewe hashindani. Alichagua chuma cha pua na springi zake kwa upande wa kuingiza. Kwa njia ya Marafa huo ulikuwa uamuzi sahihi. Mtu wa mashindano angekuwa na sababu ya kuamua vingine.

La tatu lilikuwa siti za vali, yaani pete za kwenye hedi ambazo vali hukalia zikifunga. Kijana wa karakana alishatoa unga wa kusagia vali, ile kazi ya kijiti chenye mpira. Alizuiwa. Siti iliyopigwa na vali yenye mfereji imeshapanuka na kupoteza duara, na unga hauwezi kurudisha pembe. Hedi ilipelekwa Nairobi ikakatwa kwa mashine: digrii 45 kwenye uso wa kukalia, na 32 na 60 kupunguza upana ubaki karibu milimita moja. Kwa vali za titani unga ni marufuku kabisa, kwa kuwa huondoa ngozi ileile inayolindwa.

Matokeo

Pikipiki ilikaa wiki tatu, nyingi zikiwa za kusubiri hedi. Ilipofungwa, nafasi zilikuwa 0.12 na 0.13 kuingiza, 0.28 kutoa. Iliwaka kiki ya tatu. Ilipashwa moto na kuachwa ipoe mara tatu, ikaendeshwa polepole saa moja, oili ikamwagwa. Upande wa pistoni oili ni chini ya lita moja, kwa hiyo uchafu kidogo tu ni mwingi.

Baada ya saa mbili kushoto ilisoma 0.11. Baada ya saa tano, 0.11. Baada ya saa kumi na mbili, 0.11. Kushuka kwa mara ya kwanza ni vali na siti kuzoeana. Kutulia baada ya hapo ndicho kilichokuwa kikitafutwa.

Uchambuzi

Tuanze na kosa lililogharimu zaidi, nalo si oili ya filta. Ni ile jioni ya shimu za kwanza. Nafasi ya tapeti ni kipimo, kama joto la mgonjwa. Vali ya kuingiza ikiliwa usoni huzama ndani ya siti, shina lake hupanda kuelekea kikombe, nafasi inapungua. Shimu nyembamba hurudisha nafasi bila kurudisha hata chembe ya vali iliyoliwa. Mara ya kwanza kubadilisha shimu kwenye injini ya historia isiyojulikana ni halali. Lakini kushoto na kulia zilitofautiana, za kutoa zilikuwa sawasawa, na tofauti hiyo ilikuwa inaonyesha upande wa hewa kwa kidole. Dakika kumi za kutoa filta siku ile zingeokoa safari mbili za kusaga vali kwa vumbi, na pengine pistoni pia.

Kuna sababu ya mafundi wazuri wa bodaboda kuteleza hapa. Kwenye injini zao tapeti mara nyingi hulegea, na ikilegea inalia, kila abiria anaisikia. Hii inabana, na inayobana ni kimya. Injini inakuwa tulivu kuliko kawaida kabla ya kukataa kuwaka. Anayesubiri kelele hatasikia kitu mpaka kichwa cha vali kikatike na kuanguka juu ya pistoni.

Kilichookoa hali ni daftari. Bila namba za mara ya kwanza, mara ya pili ingekuwa "zimebana tena", ikawekwa shimu, Jumamosi wakaenda. Kwa kuwa ilikuwa imeandikwa 0.125, fundi alijua kwamba zaidi ya 0.085 imepotea kwa saa sita. Baadhi ya wajenzi wa injini hizi husema shimu ya vali ya titani hubadilishwa mara moja, ya pili unabadilisha vali. Kanuni hiyo ni nzuri, ila kasi ya kupungua inaeleza zaidi kuliko idadi ya mara.

Kipimo cha geji kilishindwa kwa sababu kiliaminiwa bila kujua injini inafanya nini wakati wa kiki. Kompresa ya pancha na masikio vilishinda kifaa cha bei, kwa kuwa vilijibu swali la *wapi*, si la *kiasi gani*. Mnong'ono kwenye mpira wa kreenkesi haukuwa na maana peke yake, kwani ringi zote huvujisha kidogo. Kiasi chake kilipimwa baadaye kwa ringi zenyewe. Aliyetaka kuagiza pistoni alikuwa sahihi kwa bahati: pistoni ilihitajika kweli. Lakini ingewekwa peke yake, vali zingebaki zinavuja na mshono wa filta ungebaki wazi.

Filta sasa inatunzwa hivi. Mafuta ya taa kwanza kuondoa oili, kisha maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ikikandamizwa kati ya viganja bila kusokotwa. Inakaushwa kivulini hadi kesho yake. Oili ni ile ya filta za sponji, yenye rangi na inayonata, inayokandwa ndani ya mfuko wa plastiki mpaka rangi iwe moja kote. Ukiona doa jeupe, bado. Mdomo wa filta unapakwa grisi nyembamba isiyoyeyuka kwa maji, kwa sababu vumbi jingi hupita ukingoni. Mmoja wao bado anatumia oili ya gia akidai haiteremki. Huteremka, ila polepole.

Kipimo cha bei rahisi kuliko vyote ni kupaka grisi utando mwembamba ndani ya mpira wa kabureta baada ya kuusafisha. Baada ya safari vua filta, pitisha kidole. Grisi ikiwa laini, filta imefanya kazi. Ikiwa na chembe, chembe hizo hazikuwa peke yake.

Uendeshaji nao una sehemu yake. Kwenda Marafa kaskazi inatoka nyuma upande wa kulia, kwa hiyo vumbi la wa mbele husafiri pamoja na wa nyuma badala ya kuondoka. Mtu angesema afuate upande wa kulia wa njia apate hewa safi, lakini huko ndiko matatu na malori hutokea mbele yako, na wenyeji wanajua kona zile. Kilichobaki ni kuachana mpaka vumbi lianguke. Mwenye pikipiki hii alikuwa na tabia ya kumbana wa mbele, na wenzake, wenye filta za oili ileile mbaya, hawakupata madhara kama yake. Tofauti kubwa inayoonekana kati yao ni umbali huo na ule ufa wa mshono.

Kuhusu filta ya pili iliyopakwa oili tayari, ibebwe kwenye mfuko na kubadilishwa Marafa kabla ya kurudi, kikundi bado hakijakubaliana. Wanaopinga wanasema kufungua sanduku la filta kando ya barabara yenye vumbi ni kuingiza kile unachokimbia. Wana hoja. Wanaokubali sasa wanafunika mdomo wa mpira kwa kitambaa chenye maji na kupangusa sanduku kabla filta mpya haijaingia, na mpaka sasa grisi yao imetoka safi.